Safari ya Matanga: Anza na Msimu, Umalizie na Bei

Salgaa ni mji wa malori. Kontena zinazolala hapo kabla ya kuendelea Malaba na Kampala zimeshushwa bandarini Kilindini, zaidi ya kilomita 650 kutoka kwenye vibanda vya chai vya barabara kuu. Kwa hiyo mji huu unakula mkate wake kutokana na bahari ambayo wakazi wake wengi hawajawahi kuiona. Hali hiyo inabadilika. Tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, familia za Rongai, Molo na Nakuru zimekuwa zikiweka Pwani katika mipango ya likizo, na vyama vya akiba vinachangishana kwa ajili ya safari hiyo. Miongoni mwa mambo yanayoulizwa sana ni safari ya chombo cha tanga. Kwa kawaida uchaguzi huanza na bei, ikafuata picha ya chombo kwenye simu, kisha tarehe inayokubaliana na ratiba ya shule. Nahodha hatajwi kabisa mpaka watu wamekwisha kupanda. Hoja ya makala haya ni kwamba utaratibu huo umepinduliwa miguu juu. Anayetaka safari ya matanga yenye raha na usalama achague msimu kwanza, nahodha wa pili, chombo cha tatu, na bei mwisho. Huu si utaratibu wa kupendelea tu. Unatokana na tabia ya upepo wetu na kumbukumbu za ajali, na sheria zilizopo zinauunga mkono.

Kwanza tujue kinachouzwa. Duniani kuna merikebu kubwa za matanga zinazobeba watalii kwa wiki nzima au zaidi. Royal Clipper, iliyoanza kazi mwaka 2000, ina milingoti mitano, matanga 42 na urefu wa mita 134, na njia zake za kawaida ni bahari ya Mediterania na visiwa vya Karibi. Safari hizo huuzwa kwa dola, nazo huhitaji viza na tiketi za ndege ambazo peke yazo zinaweza kumaliza akiba ya chama kizima. Zipo pia merikebu za mafunzo, kama Shabab Oman II ya jeshi la majini la Oman, ambazo kazi yazo ni kufunza mabaharia vijana. Hapa kwetu mambo ni ya kadiri nyingine. Kuna jahazi, chombo kikubwa cha mizigo ambacho sasa hubeba pia wageni. Kuna mashua, ambayo ni ndogo kuliko jahazi, na kuna ngalawa yenye mikono miwili ya mbao inayoizuia isipinduke. Vyombo hivi hupatikana Lamu, Watamu kwenye mkono wa bahari wa Mida, Kilifi, Mombasa, na Shimoni kuelekea Wasini na hifadhi ya Kisite, na vilevile Unguja, Mafia na Kilwa kwa anayevuka mpaka. Mwenye kipato cha kawaida wa Bonde la Ufa hana haja ya kusononeka kwa kuzikosa merikebu za Karibi. Tanga la pembetatu linalotwekwa Lamu ni la ukoo ule ule uliobeba biashara ya Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, na unaweza kulikaribia kiasi cha kushika kamba yake kwa mkono wako.

Msimu unatangulia kwa sababu katika bahari hii upepo ndio mwenye ratiba. Kuanzia karibu Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini-mashariki. Kuanzia karibu Aprili hadi Septemba huvuma kusi, kutoka kusini-mashariki, na nguvu zake hupanda sana Juni, Julai na Agosti. Katikati ya misimu hiyo kuna maleleji, siku ambazo upepo hubadilika na mara nyingine hutulia kabisa. Biashara yote ya kale ilijengwa juu ya zamu hizo: vyombo kutoka Arabuni viliteremka na kaskazi, vikarejea na kusi. Hata merikebu kubwa haikuwa na ubavu wa kuzipuuza. Sultanah, merikebu ya sultani Seyyid Said, chini ya Ahmad bin Na'aman, iliondoka Zanzibar wakati kaskazi kinasukuma vyombo kuelekea kusini, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika New York tarehe 30 Aprili 1840. Karibu miaka 100 baadaye Alan Villiers wa Australia alisafiri na nahodha Mkuwaiti, Ali bin Nasr al-Nejdi, katika msimu wa 1938 na 1939, na kalenda yao ilikuwa hiyo hiyo: kuteremka Zanzibar na Rufiji kwa kaskazi na kurejea Ghuba kwa kusi. Ikiwa watu waliozaliwa baharini walikuwa wakingoja upepo, mgeni aliyetoka bara hana sababu ya kudhani kwamba upepo utamngoja yeye.

Tatizo ni kwamba shule zetu hufungwa Aprili, Agosti, na mwishoni mwa mwaka. Tukiiweka kalenda hiyo juu ya kalenda ya pepo, majibu yanajitokeza yenyewe. Aprili ni mwanzo wa kusi na wa mvua za masika. Anayeweza kukwepa mwezi huo kwa safari ya matanga na aukwepe. Agosti upepo una nguvu na nje ya miamba bahari huchafuka, lakini si kila mahali ni bahari ya wazi. Mkondo wa Lamu umekingwa na kisiwa cha Manda, mkono wa bahari wa Kilifi umezungukwa na nchi kavu, na Mida hali kadhalika. Kwa hiyo familia inayolazimika kwenda Agosti ichague maji yaliyokingwa na safari ya saa chache, na iyaache matembezi ya kutoka nje ya miamba. Desemba, hasa kaskazi kinapoanza kushika, ndiyo likizo inayofaa zaidi kwa matanga. Ni kweli kwamba ndiyo pia yenye gharama kubwa ya treni na malazi, kwani nchi nzima huteremka Pwani wakati mmoja. Asiyefungwa na shule ana nafasi bora kuliko wote: Februari na sehemu kubwa ya Machi kaskazi bado kipo, maji ni maangavu, na msongamano wa Krismasi umekwisha. Chama cha watu wazima kinachokwenda Desemba kwa mazoea tu kinalipa zaidi bila kupata upepo ulio bora zaidi.

Ndani ya msimu kuna mwezi wa angani pia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana, na katika pwani ya Kenya tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya nyakati hizo ni maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka sana. Jambo hili huonekana dogo mpaka likuharibie siku. Magofu ya Takwa yaliyoko Manda hufikiwa kwa chombo kupitia mkono wa bahari uliojaa mikoko, na chombo hupita maji yakiwa yamejaa. Anayetaka kwenda huko akapangiwa saa tatu asubuhi kwa sababu tu ndiyo saa ya watalii anaweza kujikuta amekwama kwenye matope. Anayekuuzia safari akakutajia saa ya kuondoka bila kwanza kufikiria maji yatajaa saa ngapi hajajiandaa kukusafirisha.

Baada ya msimu ni nahodha. Hapa ndipo wengi watauliza: je, chombo kikubwa na kizuri si salama zaidi kuliko kidogo, awe nahodha yeyote? Swali ni la haki, na jibu lake limeandikwa baharini. Oktoba 1998 merikebu Fantome, yenye milingoti minne, iliwashusha abiria wake Belize ili ijaribu kukikwepa kimbunga Mitch. Ilipotea pamoja na mabaharia wote 31 waliokuwa ndani. Oktoba 2012 merikebu Bounty iliondoka bandari ya New London nchini Marekani huku kimbunga Sandy kikiwa kimetabiriwa waziwazi. Ilizama karibu na North Carolina, watu wawili wakafa akiwemo nahodha, na 14 wakaokolewa. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliuita uamuzi wa nahodha wa kuondoka kuwa ni wa kutojali. Ukubwa haukuziokoa, na tusisahau kwamba nahodha wa Bounty alikuwa na miaka mingi ya uzoefu. Uzoefu peke yake hautoshi, basi. Sifa inayotafutwa ni uwezo wa nahodha kusema leo hatuendi, na mwenye chombo kumwachia aseme hivyo.

Watu wa Salgaa wanalielewa jambo hili kuliko wanavyodhani. Mteremko wa Sachangwan na Migaa kwenye barabara yao umeua watu wengi, wakiwemo 36 waliokufa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori vilipogongana. Kila mwenyeji anajua kwamba uzuri wa lori si kinga hata kidogo mbele ya dereva anayetoa gia ili aokoe mafuta, au tajiri anayempigia simu kumhimiza afike kabla ya kupambazuka. Baharini anayesimama mahali pa dereva huyo ni nahodha aliyekubali kuondoka kwa sababu wageni wamekwisha kulipa, na mahali pa tajiri huyo anasimama mwenye chombo anayetaka vichwa viongezeke. Ajali kubwa za majini za Afrika Mashariki zinasema hivyo hivyo. Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba ikiwa imebeba watu wengi mno, na zaidi ya 200 wakathibitishwa kufa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria tarehe 20 Septemba 2018. Ilikuwa imeruhusiwa kubeba watu 101, na waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Hivyo vilikuwa vyombo vya injini, lakini kilichovizamisha hakikuwa aina ya mtambo. Ni uamuzi wa watu, na uamuzi wa namna hiyo unaweza kufanyika kwenye mashua ya tanga moja.

Nahodha apimwe kwa maswali mepesi. Muulize upepo wa wiki hii ukoje na maji yatajaa saa ngapi. Anayeijua kazi atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Muulize chombo chake kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, nanyi mko wangapi. Muulize ni lini mara ya mwisho alivunja safari kwa sababu ya hali ya bahari. Anayejigamba kwamba hajawahi kuvunja safari anakuambia kwamba hana breki. Angalia kama ana baharia wa kumsaidia, kwa maana tanga linahitaji mikono zaidi ya miwili pale upepo unapogeuka ghafla, na mtu mmoja hawezi kushika usukani, kutua tanga na kumfikia mtoto aliyeanguka majini kwa wakati mmoja.

Yuko atakayesema kwamba kazi hii ni ya serikali, na kwamba mgeni hana utaalamu wa kumpima nahodha. Ni kweli kwamba nchi ina vyombo vya kusimamia jambo hili. Mamlaka ya Bahari ya Kenya, inayojulikana kama KMA, imewekwa kisheria tangu 2006 na ndiyo yenye jukumu la usalama wa usafiri wa majini. Sheria ya Usafirishaji wa Majini ya 2009 inaongoza usajili wa vyombo, na Huduma ya Walinzi wa Pwani ilizinduliwa Novemba 2018. Kwa hiyo mgeni ana haki ya kuomba kuona cheti cha chombo na cha nahodha, na anayekasirika kwa kuombwa amekwisha kujibu. Lakini cheti hutolewa kwa siku moja na bahari hubadilika kila siku. Mkaguzi hayupo gatini saa kumi na moja jioni kundi la watu 18 linapotaka kujibana kwenye mashua iliyoandikiwa 12. Aliyepo hapo ni nahodha na ni wewe. Sheria inatoa kiwango cha chini, na uangalifu wa msafiri ndio unaojaza nafasi iliyobaki.

Sasa ndipo tufike kwenye chombo chenyewe. Swali la kwanza ni kama tanga litatwekwa kweli. Vyombo vingi vinavyouzwa kwa jina la jahazi huendeshwa na injini kutoka mwanzo hadi mwisho, na tanga, kama lipo, limefungwa kwenye foromali kwa ajili ya picha. Hakuna dhambi katika injini. Safari ya Shimoni hadi Kisite, mahali ambapo watu huenda kutazama pomboo na matumbawe, hufanywa zaidi kwa injini na ni safari nzuri. Lakini aliyelipia matanga apewe matanga, na njia ya kuhakikisha hilo ni kuuliza waziwazi kabla ya kulipa: ni sehemu gani ya safari itakayokuwa ya upepo? Wapo wapenzi wa bahari wanaosema kwamba chombo chenye injini si cha matanga tena. Katika hilo siwaungi mkono. Upepo unaweza kufa mkondo wa maji ukiwa unakusukuma nje, na hapo injini ndogo ya akiba ni kinga kwa wasiojua kuogelea, ambao ndio wengi miongoni mwa wageni wa bara. Chombo kinachofaa ni kile kinachosafiri kwa tanga na kuiacha injini ingoje zamu yake.

Mengine yanaonekana kwa macho. Tazama ngama, sehemu ya chini ya ndani: maji kidogo ni kawaida kwa chombo cha mbao, lakini baharia anayefua maji bila kupumzika kabla hamjaondoka ni dalili kwamba kalafati, yaani pamba inayoziba nafasi kati ya mbao, imechoka. Tazama kamba na kitambaa cha tanga kama vimechakaa. Hesabu jaketi za kujiokoa, moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto, kwa maana mtoto huchomoka kwenye jaketi ya mtu mzima. Zivaliwe, kwa maana zikiwa zimefungwa chini ya mizigo hazimwokoi yeyote. Uliza kama kuna simu yenye mawasiliano au redio, na nani aliyeko nchi kavu anayejua mtarudi saa ngapi. Mambo haya huchukua dakika 10, na hayahitaji uwe umezaliwa Lamu.

Bei inakuja mwisho, si kwa sababu fedha ni jambo dogo. Kwa familia inayoishi kwa viazi vya Molo au kwa kibanda cha chakula kando ya barabara, fedha ndiyo inayoamua kama safari itakuwepo. Inakuja mwisho kwa sababu bei haina maana mpaka ujue unalipia nini. Uliza kama ni bei ya chombo kizima au ya kila kichwa, kama chakula kimo, na kama ada ya hifadhi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) imehesabiwa pale safari inapoingia kwenye hifadhi ya bahari. Kuna mtego mmoja ambao vyama huuingia kwa nia njema. Chombo kinapokodiwa kizima, kila mtu anayeongezwa hupunguza mchango wa wenzake, na hivyo hamu ya kuokoa fedha inakuwa hamu ya kujaza chombo kupita kiasi. Dawa yake ni chama kukubaliana idadi kabla ya kuondoka nyumbani, na kukodi mashua mbili idadi inapozidi, hata ikibidi kukatisha usiku mmoja wa hoteli. Usilipe fedha zote kabla ya kukiona chombo, na mkubaliane mapema kwamba nahodha akivunja safari kwa sababu ya bahari, ama atawarudishia fedha au atawapeleka siku nyingine. Nahodha asiyepoteza riziki yake kwa kusema hapana ataweza kusema hapana.

Zimebaki pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni usalama wa Lamu, mahali ambapo tanga bado ni sehemu ya maisha ya kila siku na ambapo mji mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Utekaji wa wageni mwaka 2011 na mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 si mambo ya kufunikwa. Lakini kaunti hiyo si mahali pamoja. Mji wa Lamu, Shela na maji ya Manda si sawa na mwambao wa Kiunga ulio karibu na mpaka wa Somalia. Anayeshindwa kutuliza moyo wake aende Kilifi au Watamu, na anayekwenda Lamu abaki kwenye maji yaliyo karibu na mji na asikilize maagizo ya usalama ya wakati huo. Pingamizi ya pili ni umbali: Kisumu iko karibu zaidi na Salgaa, na Naivasha iko njiani. Boti za Naivasha ni za injini, nzuri kwa kutazama viboko na ndege, lakini si matanga. Ziwa Viktoria lina matanga halisi, na mwaka 2021 dau la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, lilizunguka huko. Hata hivyo vyombo vingi vya tanga vya ziwani ni vya wavuvi na havikuandaliwa kubeba abiria wa starehe. Pakipatikana chombo kilichosajiliwa kwa kazi hiyo, kipimwe kwa utaratibu ule ule, kwani ziwa nalo lina dhoruba zake.

Utaratibu huu una faida inayopita usalama wa abiria mmoja. Mafundi wa Matondoni na Kizingitini bado wanaunda vyombo vya mbao, ingawa marufuku ya mwaka 1982 ya kuuza boriti za mikoko nje ya nchi iliikata biashara kubwa ya majahazi ya Lamu, na boti za faiba zenye injini zimechukua sehemu kubwa ya kazi iliyobaki. Wageni ni miongoni mwa wachache wanaolipa ili tanga liendelee kutwekwa. Wakichagua kwa bei peke yake, fedha zao zitamwendea anayepunguza mabaharia na kuahirisha kalafati. Wakichagua kwa msimu na nahodha, zitamwendea anayeijua bahari na kukitunza chombo chake, na kijana wa Lamu ataona faida ya kujifunza kazi hiyo. Kwa hiyo wewe unayepanga Desemba hii kutoka Salgaa, Rongai au Molo, usianze kwa kuuliza ni shilingi ngapi. Uliza upepo ukoje, uliza nani ameshika usukani, kikague chombo, kisha ndipo mzungumze fedha. Na nahodha akikuambia leo bahari haifai, mshukuru na urudi kesho.